Koo lile lile, prodyuza mwingine: tuchambue sauti za wakongwe wa roki

FundiMitambo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mkongwe wa roki akitoa albamu, mjadala huwa ni koo tu: "mzee bado anayo", "kashachoka huyo", "enzi zake alikuwa anapasua". Naona tunamhukumu asiyehusika. Koo la mtu wa miaka 60 na ushee halipati mageuzi makubwa kati ya albamu moja na inayofuata. Anayebadilika ni yule aliyekaa mbele ya mitambo. Prodyuza ndiye anayeamua sauti ikae karibu au mbali na sikio lako, izungukwe na vyombo gani, wimbo ushushwe kii (kimo cha noti zake) au uachwe ulipo, na kipi kiondolewe kabisa. Hicho cha mwisho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Nianze na Tina Turner, maana hapa Dar sidhani kama yupo asiyemjua. Mwaka 1966 prodyuza Phil Spector alimwingiza studio ya Gold Star, Los Angeles, kurekodi "River Deep – Mountain High". Mtindo wa Spector ulikuwa kujaza chumba: wapiga gitaa kadhaa wanapiga kitu kile kile, piano zaidi ya moja, wapuliza tarumbeta, waitikiaji, halafu vyote vinapelekwa kwenye vyumba vya mwangwi mpaka huwezi kutofautisha chombo na chombo. Ukisikiliza kwa hedifoni utamkuta Tina anapigana na ukuta. Kapaza sauti tangu beti la kwanza kwa sababu akishusha kidogo tu anafunikwa. Uingereza wimbo ulifika namba 3, Marekani ukaishia namba 88.

Sasa weka "Private Dancer" ya 1984. Tina ana miaka 44, wengi walishamfuta. Albamu ile haina prodyuza mmoja: Terry Britten alifanya "What's Love Got to Do with It", Rupert Hine akafanya "Better Be Good to Me", Martyn Ware na Greg Walsh wakafanya "Let's Stay Together", John Carter akafanya wimbo uliobeba jina la albamu. Watu tofauti, lakini wote walifanya jambo moja: walimwachia nafasi. Kwenye wimbo wa Britten gitaa ni safi, kinanda kinaweka rangi tu, ngoma hazikimbii. Tina anaanza beti chini chini, karibu kuongea, na ule ukwaruzo wa kooni ambao mwaka 1966 ulimezwa na ukuta sasa ndio kitu cha kwanza unachokisikia. Wimbo huo hakuupenda alipousikia mara ya kwanza, akataka uwe na makali zaidi, na Britten akamsikiliza. Ukashika namba 1 Marekani.

Kwa hiyo swali la uzi ni hili: prodyuza gani alimsaidia mkongwe gani, na kwa mbinu ipi hasa? Njooni na vitu vinavyosikika.

GitaaKavu

Mkuu, hapo umegonga penyewe. Niongeze mtu wetu wa Unguja. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, ana mfano mzuri kwa sababu bendi yake, Queen, ilikuwa ile ile ya watu wanne, kwa hiyo ukisikia tofauti ujue mara nyingi imetoka upande wa mitambo.

Na prodyuza Roy Thomas Baker mwaka 1975 kazi ilikuwa kurundika. Ile sehemu ya opera kwenye "Bohemian Rhapsody" ni Freddie, Brian May na Roger Taylor wanaimba, wanarudia, wanaunganisha traki (sauti zilizorekodiwa kila moja peke yake) kadhaa ziwe moja ili tepu ya traki 24 ipate nafasi, wanaimba tena. Inatajwa kuwa tabaka zilifika 180 na tepu ikachakaa mpaka ukiinyanyua unaona mwanga upande wa pili. Sauti ya Freddie pale ni matofali ya jengo.

Miaka mitano baadaye wako Munich, studio ya Musicland, na prodyuza Reinhold Mack. Albamu ya "The Game", 1980. Mack alikuwa mtu wa kupunguza. Kwenye "Another One Bites the Dust" ngoma ni kavu kabisa, zimezibwa zisilie, besi ya John Deacon iko wazi, na Freddie anabweka maneno mafupi mafupi bila kundi la waitikiaji nyuma. Kwenye "Crazy Little Thing Called Love" Mack alimshawishi Brian May aweke pembeni gitaa lake la siku zote ashike Fender Telecaster. Fikiria hilo: ili sauti ya mwimbaji ibadilike, prodyuza alibadilisha gitaa la mtu mwingine. Gitaa la Brian ni nene, linajaa katikati pale pale sauti ya binadamu ilipo. Telecaster ni nyembamba na kali juu, kwa hiyo katikati pakabaki patupu na Freddie akapaingia kwa sauti ya chini ambayo hakuwa akiitumia sana.

Hiki ni kitu cha kukishika: mara nyingi huwezi kuongeza uzito wa sauti ya mwimbaji. Unachoweza ni kuondoa kinachokaa mahali pake.

MsikilizajiMakini

Nafuatilia kwa karibu wakuu. Na Rick Rubin je? Kila nikisoma habari za wakongwe waliofufuka naona jina lake.

DadaWaMitambo

Rubin alijulikana kwanza kwa rapu na roki nzito, ndiyo maana watu walishangaa alipomchukua Johnny Cash, mzee wa muziki wa kantri. "American Recordings" ilitoka 1994, Cash ana miaka 62. Sehemu kubwa ilirekodiwa sebuleni kwa Rubin na kwenye kijumba cha Cash kule Tennessee. Sauti na gitaa lake mwenyewe, basi. Hakuna ngoma, hakuna besi.

Watu wengi wanadhani hiyo ni kazi rahisi: weka maiki, kaa kimya. Si rahisi hata kidogo. Ukiondoa vyombo, kila kosa linabaki uchi. Kidole kikigusa uzi vibaya kinasikika, pumzi inasikika, kiti kikilia kinasikika. Kwa hiyo kazi ya prodyuza inahamia kwenye mambo mawili. La kwanza ni kuchagua nyimbo: unasikiliza nyingi mno ili upate chache ambazo mtu wa umri ule akizitamka unamwamini. La pili ni kujua mkupuo upi, yaani rekodi ipi moja ya kuimba, una ukweli hata kama una kasoro.

Sikiliza "Hurt" kwenye "American IV" ya 2002. Cash alikuwa mgonjwa, alifariki mwaka uliofuata. Sauti inatetemeka, sehemu nyingine pumzi inakaribia kuisha kabla ya neno. Prodyuza mwingine angeipandishia mwangwi ili ifunikwe. Hapa imewekwa mbele kabisa, kavu, na nyuma yake gitaa na piano. Piano ile inagonga noti ile ile, inarudia, inarudia, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka mwishoni sauti nzima inaanza kupasuka. Ule ukuaji wote umebebwa na vyombo. Mzee hakulazimishwa kupaza sauti ambayo hana. Hiyo ndiyo akili ya mpango ule: kilele cha wimbo kimetolewa mabegani mwa mwimbaji kikawekwa kwenye piano.

Neil Diamond naye, "12 Songs" ya 2005: Rubin alimtaka apige gitaa mwenyewe huku anaimba. Sababu ni ya kimwili. Mtu anayejipigia gitaa hawezi kuimba kwa madoido ya jukwaani, mikono ina kazi, anarudi kwenye sauti ya mazungumzo.

BesiNyuziTano

Nakubaliana na dada, ila tusimfanye Rubin kuwa mganga wa kila ugonjwa. "Death Magnetic" ya Metallica, 2008, ni yake pia. Ilibanwa ikasukumwa juu mpaka vilele vya sauti vikakatwa. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa safi kuliko kwenye CD, na fundi wa masta (hatua ya mwisho kabla albamu haijatoka), Ted Jensen, alisema miksi (traki zote zikiwa zimechanganywa) zilimfikia zikiwa tayari zimegonga ukuta. Mwimbaji wao James Hetfield anapaza sauti mle lakini husikii akipanda, kwa sababu hakuna chini ya kupandia. Mwanzo wa wimbo na kiitikio vina ukubwa ule ule.

Kwa mkongwe hilo ni baya zaidi, maana silaha yake iliyobaki ni tofauti kati ya kunong'ona na kupaza. Ukiibana, umemnyang'anya.

MzeeWaTepu

Wakuu, nina pingamizi kidogo. Mnaongea kama vile prodyuza anayepunguza ndiye mwema na anayejaza ndiye mbaya. Mchukueni Bob Dylan na prodyuza Daniel Lanois, "Time Out of Mind", 1997, studio ya Criteria, Miami. Chumba kimejaa wapigaji, wapiga ngoma wawili kwa pamoja, magitaa kadhaa, vinanda, na Lanois kaweka ukungu juu ya kila kitu. Sauti ya Dylan imepitishwa kwenye mitambo mpaka inatoka kama redio ya zamani chumba cha pili. Matokeo? Tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Kwa nyimbo zile za mtu anayetembea usiku peke yake, ukungu ulikuwa na kazi yake.

Lakini Dylan mwenyewe hakuridhika. Kuanzia "Love and Theft" ya 2001 akawa anajitayarishia kwa jina la Jack Frost, fundi wake akiwa Chris Shaw. Sikiliza tofauti: bendi imekaa mbele, ngoma ziko wazi, sauti yake iliyopasuka imewekwa juu bila haya. Na mwaka 2023 ikatoka miksi mpya ya "Time Out of Mind", vikorombwezo vimepunguzwa. Ni traki zile zile, mwimbaji yule yule, siku zile zile. Weka wimbo mmoja kwa matoleo yote mawili, sikiliza dakika moja moja, utajifunza kazi ya uprodyuza kuliko kusoma kitabu. Mimi bado napenda la Lanois. Lile jipya ni safi, lakini limepoteza giza.

Na prodyuza Jeff Lynne yuko upande wa kujaza pia: magitaa ya kawaida yanapigwa mara kadhaa yakapangwa kulia na kushoto, ngoma kavu zisizo na mwangwi, waitikiaji wamepangwa kama matofali. "You Got It" ya Roy Orbison ni hiyo. Kaijaza kila kona na bado koo la Orbison limekaa juu, kwa sababu Lynne alijua pa kuacha: magitaa yale yanachapwa kwa rithimu, hayana noti ndefu. Noti ndefu ameachiwa zaidi mwimbaji.

GitaaKavu

Mzee, hoja ya noti ndefu nimeinakili. Sijawahi kuiona ikisemwa wazi hivyo, na inaeleza kwa nini kinanda cha kujaza chini ya mwimbaji kinaua nyimbo nyingi.

FundiMitambo

Pingamizi limepokelewa Mzee, na ni la haki. Basi niseme hivi: kujaza si kosa, kosa ni kujaza pale pale alipo mwimbaji.

Kuna mtu kaniuliza pembeni habari za maiki tatu za David Bowie, niiweke hapa kwa faida ya wote. "Heroes", 1977, studio ya Hansa, Berlin, prodyuza Tony Visconti. Maiki ya kwanza ilikaa sentimita 23 hivi kutoka mdomoni. Ya pili mita 6. Ya tatu mita 15, upande wa pili wa ukumbi. Zile za mbali zilifungwa geti, yaani kifaa kinachoziba maiki mpaka sauti ivuke kiwango ulichoweka. Bowie akiimba chini, maiki ya karibu tu ndiyo inasikia. Akipaza, ya pili inafunguka. Akipiga kelele, ya tatu inafunguka na ukumbi mzima unaingia ndani ya wimbo. Kwa hiyo mwangwi mle haukuongezwa baadaye kwenye miksi, unafunguliwa na koo lenyewe.

Ukitaka kujaribu kwenye chumba cha mita 5, weka maiki kwenye sentimita 20, mita 2 na mita 4 na nusu. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, maana yake mita 15 za Hansa ni kuchelewa kwa milisekunde 44 hivi. Chumba chako hakitoi hiyo, kwa hiyo icheleweshe maiki ya mwisho kwa milisekunde 30 kwenye kompyuta. Mwimbaji avae hedifoni zinazofunika sikio lote, maana ngoma zikivuja geti litafunguka kwa ngoma badala ya sauti. Geti likifunguka na kufunga kwa kukatakata, ongeza muda wa kufunga mpaka milisekunde 300 au zaidi.

Tahadhari: Bowie alikuwa na miaka 30. Mbinu hii inamlazimisha mtu kupiga kelele ili mlango ufunguke. Mwimbaji wa miaka 65 mpe mikupuo miwili, mitatu, basi.

MsikilizajiMakini

Swali la vitendo sasa. Tuchukulie mwimbaji mkongwe wa bendi hapa mjini, miaka 60 na kitu, anataka albamu ya magitaa yenye nguvu. Studio nyingi za Sinza na Kinondoni zimezoea Bongo Fleva: mtu anakuja na biti tayari, anaingiza sauti saa moja, anaondoka. Prodyuza aanze wapi?

DadaWaMitambo

Aanze na kii, kabla ya kuwasha chochote. Piano au gitaa, mwimbaji, chumba kimya. Aimbe kiitikio kwenye kii ya zamani, halafu mshushe nusu sauti (kitufe kimoja cha piano), tena nusu sauti. Kii sahihi ni ile ambayo noti ya juu kabisa anaifikia mara tano mfululizo na bado kifua hakijakaza. Akiifikia mara moja kwa kukaza shingo, hiyo si kii yake tena. Wengi huishia chini kwa sauti moja hadi moja na nusu.

Kushusha kii kuna gharama zake na lazima uzijue. Kwanza, beti linaweza kwenda chini mno likawa mnong'ono usio na umbo. Dawa ni kubadilisha melodia ya beti sehemu mbili tatu, au kuacha kiitikio tu kishuke. Pili, besi: uzi wa chini wa besi ya nyuzi nne ni hezi 41 (mitetemo kwa sekunde). Wimbo wa E ukishushwa hadi C kali, noti ya mzizi haipo chini, mpigaji anapanda juu na wimbo unapoteza miguu. Hapo unahitaji besi ya nyuzi tano au ulegeze nyuzi. Tatu, gitaa: mwendo wa nyuzi wazi ndio uliobeba ladha ya roki nyingi. Usimwambie mpigaji ahamishie vidole tu, mwambie alegeze nyuzi zote aendelee kupiga mkao ule ule.

Baada ya kii, kasi. Noti ya mapigo 8 kwenye kasi ya mapigo 66 kwa dakika inachukua sekunde 7.3. Kwenye kasi ya 72 ni sekunde 6.7. Nusu sekunde hiyo ndiyo tofauti kati ya kumaliza sentensi na kuikata. Msikilizaji haoni kwamba wimbo umeongezwa kasi kidogo, lakini mapafu yanaona.

Halafu maiki. Hapa ndipo studio zetu zinapokosea sana, zikidhani maiki ya kondensa ya bei ndiyo ya kila mtu. Kondensa inasikia kila kitu: feni, jenereta la jirani, bajaji nje, mate mdomoni. Na koo lililokomaa lina ukwaruzo mwingi wa juu ambao kondensa inaugeuza kuwa mchanga. Jaribu maiki ya dainamiki kama Shure SM7B, sentimita 8 hadi 10 kutoka mdomoni. Shida yake inataka kuongezwa nguvu karibu desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kifaa cha kuingizia sauti cha bei nafuu kikifika huko kinatoa mvumo. Ukisikia mvumo, nunua kikuza sauti kidogo cha kuweka katikati. Usijaribu kuusafisha baadaye kwa programu, utaondoka na pumzi za mwimbaji.

Kama lazima iwe kondensa, kumbuka hewa yetu. Unyevu wa Dar ukiingia ndani ya kichwa cha maiki utasikia mlio kama mafuta yanachemka kwenye kikaango: kata kata, kata kata, hasa asubuhi au baada ya mvua. Si waya mbovu. Iweke kwenye boksi lenye vipakiti vya kukausha unyevu kila ukimaliza kazi, na iwashe nusu saa kabla ya kurekodi.

BesiNyuziTano

Niongeze habari ya AC. Iwashe kabla, chumba kipoe, izime wakati wa kuimba. Si kwa ajili ya kelele tu. AC inakausha hewa na koo la mtu mzima likikauka linachukua muda mrefu kurudi. Maji ya kawaida, si ya baridi, anywe kidogo kidogo tangu saa mbili kabla. Maji ya kunywa dakika ile ile hayafiki kwenye nyuzi za sauti, yanalainisha mdomo tu.

FundiMitambo

Niendelee na siku yenyewe ya kurekodi. Dakika 20 za kupasha koo, polepole. Bonyeza kurekodi tangu anapojaribu sauti, usimwambie, maana mkupuo wa kwanza ambao anadhani ni majaribio mara nyingi ndio bora. Aimbe wimbo mzima mara tatu au nne bila kusimamishwa. Apumzike robo saa. Kisha rudieni mistari iliyobaki na tatizo. Zaidi ya saa mbili na nusu za kuimba kwa siku, unachorekodi ni uchovu.

Hedifoni: akijisikia kwa nguvu mno anaimba kwa woga na kushuka chini ya noti. Akijisikia kidogo anakaza koo na kupanda juu ya noti. Kwa hiyo noti zikipotea, gusa hedifoni kwanza kabla hujamlaumu. Wengi wa wazee waliozoea jukwaa wanapenda sikio moja liwe wazi. Mruhusu, ila zima upande huo wa hedifoni usivuje.

Kompresa, kifaa cha kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo: usibane desibeli 10 kwa mara moja. Bana 3 au 4 kwa kifaa kinachokamata haraka, halafu 3 nyingine kwa kinachokwenda taratibu. Kata chini ya hezi 80. Herufi s zikichoma, shughulikia kati ya hezi 5,000 na 8,000, na kwa mwongozo wa sikio.

Na programu ya kunyoosha noti, tafadhali. Mtetemo wa sauti ya kijana hupiga mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Umri ukienda unapungua kasi na kupanuka. Programu inaudhani ni kosa, inaunyoosha, na unabaki na kinanda kinachoongea. Nyoosha noti moja moja kwa mkono, acha mwanzo na mwisho wa neno kama ulivyo.

MzeeWaTepu

Kuna njia nyingine kabisa, ya bendi nzima kupiga kwa pamoja. Tom Jones alitimiza miaka 70 mwaka 2010 na mwaka huo huo akatoa "Praise & Blame", prodyuza Ethan Johns, wanamuziki wachache ndani ya chumba, hakuna jeshi la tarumbeta alilozoeleka nalo. Kigogo mmoja wa kampuni ya muziki aliilalamikia kwa barua pepe iliyovuja. Albamu ikafika namba 2 Uingereza.

Ilirekodiwa studio ya Real World, kijijini Box, Uingereza. Ndiko huko huko Remmy Ongala na Super Matimila walikorekodi "Songs for the Poor Man", iliyotoka 1989. Chukueni rekodi zake za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), bendi nzima chumba kimoja, mziweke na zile za Box. Za Box kila gitaa lina kiti chake, solo kulia, rithimu kushoto, unahesabu nyuzi. Za RTD vyombo vimeshikana, na sauti ya Remmy imekaa ndani ya bendi, si mbele yake. Mimi nikitaka kusikia maneno naweka za Box. Nikitaka kusikia Sinza naweka za RTD. Mwimbaji yule yule.

Mkipiga pamoja, jueni kwamba sauti itavuja kwenye maiki za ngoma na hamtaweza kurudia mstari mmoja baadaye. Mpangilio wa kukaa ndio miksi. Mwimbaji aupe mgongo ukuta wenye mapazia au magodoro, mpiga ngoma awe mbele yake umbali wa mita 3 au 4, maiki ya mwimbaji iwe ile isiyosikia nyuma yake. Ngoma zikizidi, mpe mpigaji fimbo nyembamba. Usiziweke kwenye kibanda, mkiacha kuonana macho faida yote imekwenda.

GitaaKavu

Jambo moja linahusu Kiswahili na sijaona mtu akiligusa. Maneno yetu yanaishia na irabu. Kiingereza kinafunga neno kwa konsonanti, mwangwi unapata kituo. Sisi ukiimba "usiniache" kwenye mwangwi wa sekunde 2 na nusu, ile "e" ya mwisho inaendelea kuelea juu ya neno linalofuata, na neno hilo likianza na irabu yanaungana kuwa ukelele mmoja. Ndiyo maana roki ya Kiswahili yenye mwangwi mkubwa haieleweki maneno. Tumia sekunde 1 hadi 1.2, na ucheleweshe mwangwi uanze milisekunde 50 hivi baada ya neno, ili konsonanti ipite kwanza ikiwa kavu. Gitaa la distosheni (lile la sauti iliyokwaruzwa) nalo lipunguze kidogo kati ya hezi 2,000 na 4,000 pale tu mwimbaji anapoimba. Ch, k na t zetu zinakaa huko, na mkongwe asiyekuwa tena na nguvu ya kuzitema atazipoteza.

MsikilizajiMakini

Na mwimbaji akiwa mgonjwa, au sauti inakuja saa moja tu kwa siku?

DadaWaMitambo

Hapo turudi kwa Freddie. Mwaka 1991 Montreux, Uswisi, na prodyuza David Richards, hali yake ikiwa mbaya, walibadilisha mpangilio wote wa kazi. Kwa "Mother Love" hawakusubiri vyombo vikamilike: mashine ya ngoma, msingi kidogo, akaimba mstari kwa mstari kadiri nguvu zilivyoruhusu. Beti la mwisho hakuwahi, akaliimba Brian May. Bendi ilijenga muziki juu ya sauti ile baadaye, albamu ya "Made in Heaven" ikatoka 1995.

Kwa vitendo maana yake ni hii: weka kii na kasi mapema na usivibadilishe tena, rekodi sauti juu ya gitaa moja na mapigo ya kuhesabia, hifadhi nakala sehemu mbili siku hiyo hiyo, na UPS (betri ya dharura) iwe na uwezo wa kukushikilia angalau dakika 10 umeme ukikatika, umalize mkupuo na kuhifadhi. Chukua pia nusu dakika ya ukimya wa chumba kile, maiki ile ile, mahali pale pale. Utaihitaji kuziba mapengo kati ya vipande.

BesiNyuziTano

La kuchagua prodyuza, fupi: msimpe mtu albamu nzima kwanza. Wimbo mmoja, maprodyuza wawili, sauti ile ile kavu kwa wote. Ombeni miksi mbili kwa kila mmoja, ya sauti ya kawaida na ya sauti iliyopandishwa desibeli 1 na nusu. Zisikilizeni kwenye gari, kwenye simu na kwenye spika ya baa, zikiwa zimelinganishwa ukubwa, la sivyo ile yenye kelele itashinda kila mara. Muandikiane mapema nani anabaki na traki zilizotenganishwa, na wimbo usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujatoka.

MzeeWaTepu

Na mkishafika kwenye masta, muulizeni fundi swali moja: kiitikio kimezidi beti kwa desibeli ngapi? Akisema havijapishana, mrudishieni.